Raba Zilipita, Kopo Halikurudi

Jumapili moja mwezi uliopita nilikuwa barazani nikisahihisha mitihani ya wanafunzi wangu wa hapa Chimwaga, mwanangu wa darasa la nne akaja akasimama kando ya meza. Alisimama kwa muda mrefu kuliko kawaida yake, kisha akaniomba saa. Alitaka zile saa za kioo cha kugusa, zenye picha zinazobadilika, ambazo mwaka huu zimeenea mikononi mwa watoto wa shule kama surua. Nikamwuliza saa ya nini, na shuleni kuna kengele. Akanijibu bila kuficha: "Baba, wenye saa wanakaa pamoja wakati wa uji. Rafiki yangu naye amenunuliwa. Sasa hivi anakaa kule."

Nilimwambia nitafikiri. Nikarudi kwenye karatasi zangu, lakini sikusahihisha tena hata moja siku ile. Mtoto alikuwa akimlilia rafiki. Saa ilikuwa nauli tu ya kumfuata alikokwenda. Nami niliwahi kulipa nauli kama hiyo, kwa fedha isiyokuwa yangu.

Wasomaji wangu mmezoea kuniona nikijadili bajeti, katiba na chaguzi, na huenda baadhi yenu mkashangaa leo naandika habari za watoto na vitu vyao vya kuringia. Naomba mnivumilie. Nimefundisha masuala ya jamii na siasa kwa miaka mingi, na bado sijapata mahali ambapo mtu hujifunza siasa mapema kuliko uwanja wa shule ya msingi. Pale ndipo tunapojua kwa mara ya kwanza nani anakaa wapi, nani anakimbia mbele, na nani anasingiziwa mambo yanapoharibika.

Mwaka 1986 nilikuwa darasa la tano katika mji mdogo kandokando ya Reli ya Kati, mashariki ya Dodoma. Baba yangu alikuwa karani. Tulikuwa marafiki watatu. Wa pili alikuwa mtoto wa dereva wa lori la masafa marefu, na wa tatu alikuwa mtoto wa mama mjane aliyeishi kwa kutwanga ubuyu na kukaanga karanga. Tangu darasa la kwanza tulikaa dawati moja. Tulichunga ndama pamoja wakati wa likizo, tukanyolewa na kinyozi mmoja chini ya mbuyu mmoja, na mmoja wetu alipougua malaria wawili waliobaki walimfanyia zamu yake ya kuteka maji ya shule.

Urafiki wetu ulikuwa na mkono wa sera ndani yake, ingawa sisi hatukujua. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilikuwa limeagiza kwamba elimu ya msingi iwafikie watoto wote ifikapo 1977. Bila agizo hilo, mtoto wa yule mama asingekuwa dawati moja na mtoto wa karani. Pengine angekuwa machungani, nami ningepita njiani na begi langu bila kumjua jina.

Tulikuwa pia na kopo. Lilikuwa kopo la maziwa ya unga ambalo tulilitoboa tundu juu na kulifukia nyuma ya nyumba ya mjane. Treni ya abiria ilipopiga honi tulikimbia stesheni, kila mmoja na sinia lake la karanga na ubuyu uliofungwa kwa vipande vya gazeti, tukauza kupitia madirishani. Mali ilikuwa ya Mama. Yeye ndiye aliyeamka alfajiri kukaanga, na yeye ndiye aliyetukatia sehemu ya faida kila jioni: sarafu za shilingi moja, zenye sura ya Mwalimu Nyerere upande mmoja na mwenge upande wa pili. Tulizitumbukiza koponi sote watatu tukiwapo. Lengo letu lilikuwa mpira wa ngozi, kwa sababu tulikuwa tumechoka kucheza mpira wa matambara na nailoni ambao kila ulipoangukia miiba ya migunga ulifumuka.

Ili vijana mnaosoma hapa mwelewe kilichofuata, yafaa niwakumbushe hali ya nchi. Baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, maduka yalikauka. Sabuni, sukari na kanga vilipatikana kwa foleni na kwa mgawo. Viatu vya Bora, vilivyotengenezwa na kiwanda chetu wenyewe, vilikuwa habari ya kusimuliana. Watoto wengi wa shule yetu tulitembea miguu mitupu, mtoto wa karani na mtoto wa mjane vilevile. Sina hamu ya kuzipamba siku zile. Tulikuwa sawa kwa sababu hapakuwa na kitu cha kututofautisha, na usawa wa namna hiyo haujajaribiwa.

Jaribio lilikuja. Katika bajeti ya Juni 1984, wakati Waziri wa Fedha akiwa Cleopa Msuya, serikali iliwaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa kutoka nje bila kuulizwa sana walikozipata. Novemba 1985 Mzee Ali Hassan Mwinyi akashika urais, na watu wakampa jina la Mzee Ruksa. Agosti 1986 tukatiliana saini na Shirika la Fedha la Kimataifa. Hayo ndiyo ninayowafundisha wanafunzi wangu, kwa tarehe na majedwali. Lakini kwa mtoto wa darasa la tano, mageuzi ya uchumi yalifika yakiwa na kamba nyeupe na soli nene. Yaliitwa raba mtoni.

Mtoni, katika lugha ya vijana, ni Ulaya na Marekani. Raba hizo zilikuwa za mitumba, zimeshavaliwa na watoto wa huko, nyingine zikiwa na majina yao yameandikwa kwa kalamu ndani ya ulimi wa kiatu. Wazee walizidharau kwa jina la zamani la kafaulaya, yaani mali ya Mzungu aliyekufa. Sisi hatukujali aliyekufa ni nani. Jozi ya kwanza iliingia darasani kwetu mwezi wa Machi. Kufikia Juni walikuwa wanane. Wenye raba walikimbia mbele katika mchakamchaka wa alfajiri, na sisi wengine tulifuata nyuma tukimeza vumbi lao. Walikuwa na mti wao wa kukaa wakati wa mapumziko. Hakuna aliyetangaza sheria hiyo, lakini kila mtu aliijua.

Kisha baba wa rafiki yetu wa pili akarudi kutoka safari ya Mombasa na jozi ya mwanawe. Siku ya kwanza rafiki yetu alikaa nasi, siku ya pili akasimama katikati, siku ya tatu akakaa kule. Nilimwomba baba yangu raba kwa wiki mbili. Mshahara wa karani ulikuwa ukitafunwa na bei za vitu hata kabla haujafika nyumbani, na jibu lake halikubadilika.

Aliyetaja kopo kwanza alikuwa yule mwenye raba. Aliyelifukua ni mimi. Tulichagua siku ya mnada, wakati Mama na mwanawe wamekwenda kuuza. Tulijiambia kwamba tunakopa, kwamba tutarudisha kabla hajajua, na kwamba kwa vyovyote mpira ulikuwa bado mbali. Nilinunua jozi nyeupe yenye mstari wa buluu kwa mchuuzi aliyetandaza turubai pembeni mwa mnada. Zilinizidi, nikajaza karatasi mbele. Kwa siku kumi na moja nilikimbia mbele katika mchakamchaka.

Mwenzetu aligundua siku ya treni. Alikwenda kutumbukiza sarafu zake, akakuta shimo tupu. Kesho yake alikuja shuleni, akatazama miguu yangu, akatazama uso wangu, kisha akachukua daftari zake na kwenda kukaa dawati la nyuma. Hakuniuliza neno. Mpaka leo nadhani angeniuliza ningemdanganya, naye alilijua hilo.

Siku ya kumi na mbili shule ikachukua hatua. Tukiwa mstarini, mwalimu wa zamu alitangaza kwamba raba ni marufuku, akawaita mbele wote waliozivaa, akatuchapa viboko vinne kila mmoja, na raba zikafungiwa katika stoo ya majembe hadi mwisho wa muhula. Mchana ule ule, chini ya mti wetu, tulifanya kikao kutafuta aliyetuchongea. Hatukukawia kumpata. Nani mwingine alikuwa na sababu? Tukamwita msaliti. Sisi tuliomwibia tulimwita yeye msaliti, na darasa zima likaacha kusema naye hadi mwaka ukaisha. Baadaye nilikuja kufahamu kwamba baadhi ya wazazi ndio waliolalamika, walimu wakakubaliana katika kikao chao. Mwenzetu hakuwa amemwambia mtu yeyote, hata mama yake.

Muhula ulipoisha nilirudishiwa raba. Miguu ilikuwa imekua, zikanibana. Darasa nalo lilikuwa limehamia kwenye kalamu za rangi nne.

Nimesimulia kisa hiki kwa kirefu kwa sababu kila ninaposikia mjadala kuhusu vijana na mambo ya kisasa, naona tunagawanyika katika kambi mbili, na zote mbili zingempita mwenzetu bila kumwona.

Kambi ya kwanza ni ya marufuku. Ina historia ndefu nchini kwetu. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana dhidi ya sketi fupi, mawigi, dawa za kujichubua na suruali za kubana, ianze rasmi tarehe 1 Januari 1969. Hata kabla ya tarehe hiyo, Kariakoo wanawake walikuwa wameshashambuliwa na makundi ya vijana kwa sababu ya mavazi. Miaka michache baadaye mitaa ilijaa suruali za bugaluu na viatu vya raizoni. Marufuku haikuimaliza hamu ya kuvaa, na waliolipa gharama yake walikuwa wanawake walioburutwa hadharani. Shule yetu mwaka 1986 ilifanya vivyo hivyo kwa kiwango chake. Mwalimu alihesabu jozi za raba. Hakuna aliyehesabu sarafu. Fimbo ilituadhibu kwa kuvaa, jambo ambalo halikuwa kosa, ikaliacha kosa lenyewe ardhini kwenye shimo, na juu yake ikatupa sababu ya kumtafuta mchawi.

Kambi ya pili ni ya ruksa. Husema mtoto akitaka, mzazi akiwa na uwezo, mnunulie. Ulimwengu umebadilika, tusiwarithishe watoto umaskini wetu. Kambi hii ina haki kwa sehemu kubwa. Yule dereva alisafiri siku nyingi barabarani, akamnunulia mwanawe zawadi kwa jasho lake. Hakumwibia mtu. Nikimlaumu yeye nitakuwa naikimbia hatia yangu. Kutamani kitu kizuri si dhambi, na mtoto wa Mtanzania hana wajibu wa kutembea miguu mitupu ili nadharia za wasomi zipendeze.

Kinachokosekana katika kambi zote mbili ni kopo. Swali ambalo hakuna mtu mzima aliyeliuliza mwaka ule lilikuwa jepesi: raba hizi zimenunuliwa kwa fedha ya nani? Katika darasa lile kulikuwa na raba za aina mbili. Kulikuwa na za yule mtoto wa dereva, zilizonunuliwa kwa mali ya nyumba yao. Kulikuwa na zangu, zilizonunuliwa kwa mali ya watu watatu, na zaidi ya hao watatu, kwa alfajiri za mama mmoja mjane. Kwa macho zilifanana. Marufuku ilizichapa zote, na ruksa ingezisifu zote.

Naona taifa letu nalo lilipita njia hiyo hiyo. Februari 1991 Halmashauri Kuu ya CCM, katika kikao chake cha Zanzibar, ililegeza masharti ya uongozi yaliyowekwa na Azimio la Arusha la 1967. Kiongozi akaruhusiwa kuwa na hisa, kupangisha nyumba, kupokea zaidi ya mshahara mmoja. Mjadala wa wakati ule, na hata wa leo, umekuwa juu ya raba: je, ni vyema kiongozi awe na mali au asiwe nayo? Wapo wanaolia kwamba tumeisaliti Arusha, na wapo wanaocheka unafiki wa enzi za viraka. Mimi nadhani kuwa na nyumba ya kupangisha si uovu. Jambo lililohitaji ulinzi wakati ule, na ambalo halikupewa ulinzi wa kutosha, ni mpaka kati ya mfuko wa mtu na kopo la wote. Tulipoanza kuvaa, tulisahau kwenda kutazama nyuma ya nyumba kama shimo bado lina kitu. Katika miaka ile ada na michango vikarudi katika shule za msingi, na ilitubidi tusubiri hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000 kuviondoa. Watoto wangapi kama mwenzetu waliachia dawati wakati ule, kila mmoja wetu anaweza kukumbuka walau mmoja kwa jina.

Nirudi Dodoma ya leo, mji ninaoupenda na ninaouona ukibadilika kila wiki. Tangu serikali itangaze Julai 2016 kwamba inahamia hapa kwa vitendo, na tangu Dodoma ipandishwe hadhi kuwa jiji tarehe 26 Aprili 2018, Ilazo, Kisasa, Iyumbu na Nzuguni zimejaa nyumba mpya na watumishi wenye watoto. Asubuhi mabasi ya njano ya shule binafsi hupita kila kona. Pembeni mwa barabara hizo hizo hupita kwa miguu watoto wa shule za serikali, ambao tangu Januari 2016, kwa Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015, wanasoma bila ada. Ni jambo kubwa na la kupongezwa. Lakini watoto hawa na wale wa kwenye basi hawatakaa dawati moja hata siku moja. Mimi nilimwibia mwenzangu, lakini walau nilimjua jina, nikamwona akibeba daftari zake kwenda nyuma. Mwanangu hatapata hata nafasi ya kumkosea mtoto wa muuza karanga.

Nasema mwanangu kwa sababu naye yumo kwenye basi la njano. Shule ya msingi ya serikali iko mwendo wa dakika tano kutoka getini kwangu. Nilipomwandikisha kwingine nilikuwa na sababu zangu, na nadhani nyingi zilikuwa nzuri: idadi ya watoto darasani, lugha, usalama wa njiani. Najua watumishi wenzangu mnaosoma hapa mna sababu hizo hizo. Sitawaambia muwaondoe watoto wenu, maana sijamwondoa wangu. Ninachosema ni kwamba tulipoondoka hatukuondoka na ada yetu tu. Tuliondoka na sauti zetu katika vikao vya wazazi, na hesabu tunazojua kuzisoma, na ujasiri wa kumwuliza mkuu wa shule maswali, na namba ya simu ya ofisa elimu tuliyesoma naye. Hivyo vyote vilikuwa sehemu yetu ya kopo. Anayepanga bajeti ya madawati leo mara nyingi hana mtoto anayeketi sakafuni, na anayekagua matundu ya vyoo hana binti anayeyatumia.

Na ninyi wanafunzi wangu msicheke mapema. Kila mara boom linapoingia naona simu mpya zikizuka kama uyoga baada ya mvua. Sina ugomvi na simu. Lakini ninyi mnajua, kuliko mimi, nani katika chumba chenu alichanga unga na maharage ya mwezi, na nani alinunua simu kwa fedha ya chakula akahamia kwenye sufuria ya wenzake. Mnajua pia ni mara ngapi mchango wa kuchapisha kazi ya kikundi ulipotea mikononi mwa mweka hazina, kisha aliyeuliza ndiye aliyeonekana mkorofi. Wanaharakati wangu, mnaotaka uwajibikaji wa taifa zima, anzieni kwenye sufuria hiyo.

Mwaka 2019 nilikutana na mwenzetu msibani, tulipokwenda kumzika mwalimu wetu wa darasa la tatu. Yeye hakuchaguliwa kwenda sekondari; wakati ule nafasi zilikuwa chache mno, na mtoto aliyemaliza mwaka mzima bila kusemeshwa na darasa hakuwa na moyo wa mitihani. Leo analima, na ana mizabibu michache. Tulikaa jamvi moja. Nikajikaza.

"Ndugu yangu," nikamwambia, "kuna jambo la utotoni linanikaba mpaka leo. Zile raba."

"Raba zipi?"

"Zile nyeupe. Za darasa la tano."

Alifikiri kidogo, akatikisa kichwa. "Raba sizikumbuki, mwenzangu. Kopo nalikumbuka. Mama alikuwa ameshaanza kuniuliza mpira utanunuliwa lini."

Tukanyamaza. Kisha tukaitwa kula.

Wiki ile mwanangu alipoomba saa, jioni moja nilimsimulia habari hii yote, nikidhani namfundisha. Alisikiliza hadi mwisho. Nilitarajia aniulize kuhusu viboko, au raba zilikuwa za rangi gani. Aliuliza, "Mlimrudishia hela yake?"

Nikamwambia hapana. Akanitazama, akaenda kulala.

Sina maneno ya kulifunika swali lile, ila ninayo mambo matatu niliyoyafanya au ninayokusudia kuyafanya, nanyi myapime.

La kwanza, nilikwenda kwenye kikao cha wazazi nikapendekeza kwamba vitu vya kuringia vibaki nyumbani, bila fimbo na bila kuvifungia stoo, kwa makubaliano yetu sisi tunaonunua. Fimbo hutafuta mchawi. Makubaliano ya wazazi humwondolea mtoto mzigo wa kuchagua kati ya saa na rafiki. Wapo walioniunga mkono, na wapo waliosema mhadhiri kaleta siasa.

La pili, nilipendekeza darasa liwe na kopo lake: mchango mdogo wa hiari, usiotangazwa nani katoa ngapi, wa kununua mipira, kamba za kuruka na vitabu vya hadithi ambavyo ni vya wote. Hesabu zake zibandikwe ukutani, na watoto wenyewe wazisome. Mtoto aliyezoea kuhesabu fedha ya wote tangu darasa la nne hatapata tabu kuuliza maswali kuhusu fedha ya kata atakapokuwa na miaka thelathini.

La tatu ni letu watumishi wa umma. Mwenye mtoto shule binafsi na asiye na mtoto kabisa, sote ni wakazi wa kata zenye shule za serikali. Kikao cha hadhara cha shule kikiitishwa, twende. Tusome mapato na matumizi yaliyobandikwa, na kama hayajabandikwa tuulize kwa adabu kwa nini. Mimi nilikwenda kwa mara ya kwanza mwezi huu, baada ya kuishi jirani na shule hiyo miaka mingi. Nilikaa nyuma, kwenye dawati la watoto, magoti yakigonga ubao. Mama mmoja mwuza mboga alisimama akauliza fedha za uji za muhula uliopita ziliishia wapi. Baadhi ya watu waliguna, kama tulivyoguna sisi chini ya ule mti. Niliinua mkono nikasema kwamba swali la mama ni halali na lijibiwe.

Likajibiwa, kwa sehemu. Kikao kijacho ni mwisho wa muhula, nami nitakwenda kusikia sehemu iliyobaki. Mwanangu bado hana saa. Rafiki yake bado anakaa kule, ingawa juzi, nasikia, walirudi pamoja hadi kwenye basi.